Kilo Zilizofichwa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad s.a.w., ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa Utume.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona tulizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, lisilostahiki kuchukua nafasi katika gazeti la dini. Nalo ni mizigo ya safari za ndege, kiwango kinachoruhusiwa, na malipo ya kilo zinazozidi. Sisi hatulioni kuwa ni dogo. Katika jambo hili hukutana mkataba, mizani, amana, rushwa, na zaidi ya yote, roho za watu. Dini iliyotufundisha adabu ya kuingia msalani haiwezi kunyamaza juu ya hayo.

Kila mwaka maelfu ya ndugu zetu kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani hupanda ndege kwenda katika miji mitukufu kwa ajili ya Hija na Umra. Wengine huenda Dubai na Maskati kwa biashara, matibabu au kuwazuru jamaa. Wakati wa kurudi, mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege, huonekana mambo yasiyopendeza. Masanduku hufunguliwa sakafuni, vitu vikatolewa na kurudishwa mbele ya macho ya watu. Mmoja humkabidhi mwenziwe begi la mkononi akasimame nalo nyuma ya nguzo mpaka upimaji umalizike. Wa pili hulinyanyua sanduku kidogo kwa kidole ili mzani usome pungufu. Wa tatu humpenyezea karani noti ndani ya pasi ya kusafiria. Na huenda wote hao siku moja kabla walikuwa wakilia mbele ya Al-Kaaba, wakimwomba Mola wao awasamehe dhambi zao.

Rai yetu tunaisema mapema ili isifichike. Kilo uliyoificha kwenye mzani ni haki ya mtu uliyoichukua bila ya ridhaa yake. Kulipia mzigo uliozidi si kuonewa, bali ni kulipa ijara ya kazi utakayofanyiwa. Aidha, mashirika ya ndege nayo yana wajibu wao, nao tutautaja bila ya kuwaonea haya. Lakini kosa la mwingine halijapata kuwa halali ya mtu.

Tiketi ni mkataba

Sura ya Al-Maida huanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao. Amri hiyo haikubagua mkataba wa ndoa, wa shamba au wa safari. Mtu anaponunua tiketi amefunga mkataba, na ndani yake mmeandikwa uzito atakaochukuliwa.

Kwa ufupi, kuna taratibu mbili. Yako mashirika yanayohesabu jumla ya uzito, kwa mfano kilo 30, bila ya kujali zimegawanywa katika mabegi mangapi. Yako mengine yanayohesabu mabegi, kwa mfano mabegi mawili, kila moja lisizidi kilo 23. Chini ya utaratibu huu wa pili, mwenye sanduku moja la kilo 30 hutakiwa kulipia, hata kama sanduku lake la pili lina kilo 10 tu. Wengi hugombana na makarani kwa kutoijua tofauti hiyo. Tena, katika viwanja vingi begi moja lenye zaidi ya kilo 32 halipokelewi kabisa kama mzigo wa abiria, hata mwenyewe akiwa tayari kulipa, kwa sababu linabebwa na binadamu mwenye mgongo na viungo, naye ananyanyua mamia ya mabegi kwa siku. Begi la mkononi nalo lina kipimo chake, na kwa mashirika mengi ni kilo 7.

Je, sheria yetu inasemaje kuhusu anayezidisha mzigo? Hapa tunawaomba wasomaji watulie, maana watu hudhani suala hili ni geni kwa kuwa ndege ni ngeni. La! Mafakihi walilijadili karne nyingi kabla ya injini kubuniwa, katika mlango wa ijara, walipozungumzia mtu anayekodi mnyama wa kubebea mizigo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa kwa vizazi vingi katika madrasa za pwani yetu, amelieleza suala hilo kwa mfano wa hesabu. Mtu amekodi mnyama abebe ratili 100, kisha akampakia 110. Hukumu ni kwamba zile 10 zilizozidi anazidaiwa, naye hana budi kuzilipia ijara ya mfano wake. Na mnyama akiangamia kwa sababu ya mzigo huo, aliyekodi hatoki bure, bali anabeba dhamana.

Jambo linalotugusa zaidi ni lile alilolifuatisha. Je, ikiwa aliyekodi hakumpakia mnyama kwa mkono wake, bali alimkabidhi mwenye mnyama ule mzigo wa 110, naye mwenye mnyama akaupakia bila ya kujua kuwa umezidi? Jibu katika madhehebu ya Shafii ni kwamba dhamana ingali juu ya yule aliyekabidhi. Mpakiaji hakujua, na mwenye mzigo ndiye aliyejua na akanyamaza. Ndugu msomaji, tazama tena kaunta ya uwanja wa ndege. Karani ameandika kilo 30, mpakizi amepakia akidhani ni 30, rubani ameruka akidhani ni 30, na yuko mtu mmoja tu ndani ya ndege nzima anayejua kuwa ni 38. Suala hili limekwisha kujibiwa, nasi tunachotakiwa ni kusoma tu.

Hata mnyama asiyesema alikuwa na haki ya kutolemewa. Imepokewa kuwa Mtume s.a.w. aliingia katika bustani ya mmoja wa Answari, na ngamia aliyekuwamo akalia machozi alipomwona. Mtume akamwita mwenye ngamia, akamkumbusha amche Mwenyezi Mungu kwa ajili ya mnyama huyo aliyekuwa akimtumikisha na kumtia njaa. Ikiwa mgongo wa ngamia mmoja ulikuwa na haki hiyo, vipi kuhusu chombo kinachobeba mamia ya roho angani?

Kwa nini ndege hupimwa

Wako wanaodhani kwamba kilo huhesabiwa kwa ajili ya fedha tu. Fedha zimo, hatukatai. Lakini chanzo cha mizani si fedha. Ndege hunyanyuka kwa nguvu ya upepo unaopita juu na chini ya mabawa yake. Kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyohitaji mwendo mkali zaidi na njia ndefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Siku ya joto kali, hewa ikiwa nyepesi, mabawa hupata nguvu kidogo zaidi, na njia inayohitajika huzidi kurefuka. Kabla ya kila safari hufanywa hesabu ya uzito wa ndege yenyewe, mafuta, abiria na mizigo, na pia hutazamwa uzito huo umekaa wapi, mbele au nyuma. Kama vile jahazi lililopakiwa vibaya tezi au omo, ndege isiyokuwa na mlingano haimtii nahodha wake.

Abiria kwa kawaida hawapimwi mmoja mmoja, bali hukadiriwa kwa wastani. Mabegi yanayotiwa tumboni mwa ndege ndiyo yanayopimwa. Kwa hiyo anayedanganya mzani anaiharibu ile sehemu ya hesabu iliyotegemewa kuwa sahihi. Na asiseme kuwa kilo 5 ni kitu gani. Abiria 200 wakifanya kama yeye, ni tani nzima ambayo rubani hana habari nayo.

Tunayo mifano, nayo ni ya kusikitisha. Tarehe 25 Disemba 2003, ndege aina ya Boeing 727 iliyotoka Conakry, Guinea, iliondoka Cotonou nchini Benin kuelekea Beirut. Wengi wa abiria walikuwa Walebanoni waishio Afrika Magharibi, waliokuwa wakienda kwao kwa sikukuu, na walichukua mizigo mingi. Ndege ilijaa pomoni, mabegi makubwa yaliingizwa hadi sehemu ya abiria, na hapakuwa na aliyejua kwa yakini uzito wa jumla. Marubani waliongeza mwendo, lakini ndege haikunyanyuka inavyopasa. Iligonga jengo dogo mwishoni mwa njia na kuangukia ufukweni mwa bahari. Kati ya watu 163 waliokuwamo, 141 walikufa. Wachunguzi walieleza kuwa ndege ilikuwa imezidiwa na uzito, na kwamba upakiaji haukuwa na utaratibu.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, tarehe 8 Januari 2003, ndege ndogo ilianguka mjini Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafariki. Uchunguzi ulikuta sababu mbili zilizokutana. Mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha waya za kuongozea mkia, na uzito ulikuwa umekaa nyuma kupita kiasi, kwa kuwa wastani uliotumika kuwakadiria abiria na mizigo yao ulikuwa mdogo kuliko uzito wao wa kweli. Baada ya hapo wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliongeza wastani huo. Hapakuwa na aliyekusudia udanganyifu katika hesabu ile, na bado kilo zisizojulikana zilikuwa miongoni mwa sababu za mauti. Je, pale ambapo zimefichwa kwa makusudi?

Hatusemi kwamba kila kilo inayozidi inaangusha ndege. Ndege kubwa huwekewa akiba ya usalama, na mara nyingi hufika salama. Lakini akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya upepo, mvua na hitilafu ya injini. Haikuwekwa ili kila abiria ajikatie kipande chake kwa siri.

Visingizio na majibu yake

Hoja ya kwanza tunayoisikia ni kwamba shirika la ndege ni tajiri, na kilo zangu tatu hazitamfilisi. Tunajibu kwamba haramu haipimwi kwa utajiri wa anayedhulumiwa. Sura ya 83 katika Qur'ani imepewa jina la wale wanaopunja, ambao wakipokea hutaka kipimo kamili na wakitoa hupunguza. Haikuuliza kama anayepunjwa ni tajiri au maskini, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Wengine huthubutu kusema kuwa shirika si la Waislamu, basi hapana ubaya. Hao wamemsahau Mtume wao, aliyemwacha Ali r.a. Makka usiku wa Hijra ili arudishe amana za watu walewale waliokuwa wamepanga kumwua.

Hoja ya pili ni hii: "Mbona mtu mnene wa kilo 120 hapimwi, na mimi wa kilo 55 nalipishwa kwa begi?" Hoja hii ina sura ya uadilifu, na si jambo lisilowahi kufikiriwa. Mwaka 2013 shirika dogo la Samoa Air katika Bahari ya Pasifiki lilijulikana dunia nzima kwa kuwalipisha abiria kwa uzito wa mwili na mizigo yao pamoja. Shirika hilo liliacha kazi mwaka 2015, na utaratibu wake haukuenea. Mwili ni umbo la Mwenyezi Mungu, na mtu hawezi kuuacha nyumbani. Sanduku mtu amelijaza kwa hiari yake. Hata hivyo, anayeona utaratibu ni mbaya ana njia ya kuupinga, nayo ni kuandika malalamiko au kuchagua shirika jingine. Kuficha begi nyuma ya nguzo si kupinga utaratibu. Ni kuukubali hadharani na kuuvunja faraghani.

Hoja ya tatu ni ya anayesema, "Karani mwenyewe ameniruhusu." Hapa hapana budi kupambanua. Ikiwa karani amepewa na mwajiri wake mamlaka ya kusamehe kilo mbili tatu, akasamehe mbele ya watu bila ya kupokea chochote, huo ni wema, na ukubali kwa shukrani. Ama ikiwa umempa kitu mkononi ili aandike 30 badala ya 40, hiyo ni rushwa kwa jina lake kamili. Umenunua haki ya shirika kutoka kwa mtu asiyeimiliki. Mtoaji na mpokeaji wamo katika laana moja.

Wako pia wanaovaa nguo tatu tatu ili kulipunguzia sanduku uzito. Hili hatuliiti dhulma, maana nguo ziko mwilini kila mtu anaziona, na mkataba haujakataza. Ni adha tu ambayo mtu amejichagulia.

Wajibu wa mashirika na haki za msafiri

Baada ya kuyasema hayo, insafu inatutaka tuugeukie upande wa pili. Ijara huwa safi pale ambapo bei na kipimo vinajulikana wazi kabla ya kukubaliana, na uislamu umekataza biashara yenye kificho. Zamani nauli ilikuwa na begi ndani yake. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda sana, shirika la American Airlines lilianza kulipisha dola 15 kwa begi la kwanza katika safari za ndani ya Marekani, na mengine makubwa yakafuata. Mafuta yalishuka bei baadaye, lakini malipo hayakuondoka, bali yaliongezeka. Mwaka 2019 mashirika ya Marekani yalikusanya zaidi ya dola bilioni 5 kutokana na mabegi peke yake. Utaratibu huo umeenea, na leo hata katika anga letu ziko nauli za bei ya chini ambazo mnunuzi akizitazama vizuri atakuta hazina ruhusa ya begi hata moja la kutia tumboni mwa ndege.

Kuuza nauli bila ya begi si haramu, ikiwa mnunuzi ameambiwa. Ubaya ni pale wakala anapouza tiketi na kunyamaza, kisha msafiri akaambiwa ukweli kwenye kaunta akiwa hana la kufanya, wala hana fedha ya kutosha. Hiyo ni hadaa, na dhima yake imo shingoni mwa aliyenyamaza. Vikundi vya Hija na Umra viko katika hatari kubwa ya kosa hili, kwa sababu wateja wao wengi ni wazee wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza, na wamewaamini viongozi wa vikundi kama wanavyowaamini maimamu wao.

Msafiri naye azijue haki zake. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 uliweka fidia ya begi lililopotea kwa kilo, takriban dola 20 kwa kila kilo moja. Chini ya mkataba huo, aliyeficha uzito wa sanduku lake alikuwa akijipunguzia fidia yake mwenyewe. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003, na ambao Tanzania na Kenya ni miongoni mwa wanachama wake, umeweka kikomo kwa kila abiria bila ya kujali kilo. Kikomo hicho tangu tarehe 28 Disemba 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha vya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani takriban dola 2,000 za Kimarekani. Hicho ni kikomo cha juu, si zawadi. Hapana budi uthibitishe hasara yako.

Muda nao una hesabu yake. Begi likiharibika, malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ni ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 bila ya kufika, una haki ya kulihesabu kuwa limepotea. Usitoke katika ukumbi wa kuwasili bila ya kuandikisha taarifa na kuchukua nakala yake, na kile kikaratasi chenye namba ya begi usikitupe. Tumewaona ndugu wengi waliopoteza haki zao kwa kusema, "Tumwachie Mungu." Kumtegemea Mwenyezi Mungu huja baada ya kumfunga ngamia.

Begi la mtu mwingine

Liko jambo jingine ambalo hatari yake ni kubwa kuliko kilo. Mtu ambaye mzigo wake umezidi humtazama mwenziwe katika foleni, akamwomba amchukulie begi moja kwa kuwa yeye anazo kilo zilizobaki. Au jirani huleta bahasha usiku wa kuondoka, imekwisha kufungwa kwa gundi, akisema ni dawa za mgonjwa. Muumini mwenye moyo mwema huona haya kukataa.

Tuwakumbushe kisa cha Nabii Yusuf a.s. Ndugu zake walisafiri na mizigo yao, na kila mmoja alijua alichokitia ndani. Kisha mizigo ikapekuliwa, ukaanziwa wa hawa kabla ya wa ndugu yule mdogo, na chombo cha mfalme kikatolewa katika mzigo wa asiyekitia. Kisa kile kilikuwa na hekima yake na mwisho wake mwema, kwa kuwa aliyekitia chombo alikuwa ndugu mwenye mapenzi. Wanaotia vitu katika mabegi ya mahujaji wetu hawana mapenzi hayo. Nchini Saudi Arabia adhabu ya kuingiza dawa za kulevya yaweza kufika kifo, na tangu Novemba 2022 utekelezaji wa adhabu hiyo kwa makosa ya dawa za kulevya umerejea baada ya kusimama kwa muda. Forodha haitakuuliza nia yako. Itauliza begi hili limeandikishwa kwa jina la nani.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja. Usibebe usichokifungua kwa mkono wako na kukiona kwa macho yako, hata kama aliyekupa ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Akikasirika, mwache akasirike. Mwenye mzigo safi hachukii ukifunguliwa.

Zawadi zinazomlemea hujaji

Tukitafuta chanzo cha kilo hizi, mara nyingi tutakikuta kwetu sisi tuliobaki nyumbani. Hujaji wa miaka 65 hanunui miswala 20 kwa ajili yake. Ananunua kwa sababu anajua kwamba siku atakayorudi watu watajaa sebuleni, na kila mmoja atatazama mkono wake. Wapo waliolimbikiza akiba kwa miaka mingi ili kuitimiza nguzo hii, wakafika huko, na siku zao za mwisho, ambazo wangezitumia katika Msikiti Mtukufu, wakazitumia madukani wakihesabu shemeji na majirani.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuchukulie kwamba kilo moja iliyozidi inalipiwa dola 15, na hujaji amezidisha kilo 8 za tende. Atalipa dola 120 juu ya bei aliyonunulia. Tende zinauzwa Kariakoo, Darajani na Mombasa. Miswala na tasbihi nyingi zinazouzwa karibu na Msikiti wa Makka zimetengenezwa katika nchi za mbali, na hizohizo zinauzwa katika maduka yetu. Hakuna baraka iliyoongezeka kwa kuzipitisha kwenye mzani wa Jidda, na yako madhambi yaliyoongezeka ikiwa zimepitishwa kwa hila.

Maji ya Zamzam ni jambo mbali, nayo yamewekewa utaratibu wake. Huuzwa katika chupa ya lita 5 iliyofungwa rasmi, na mashirika mengi humruhusu kila hujaji chupa moja bila ya kuihesabu katika kilo zake. Kuyatia maji hayo ndani ya sanduku kumekatazwa na wakuu wa usafiri wa anga wa Saudia tangu mwaka 2022. Basi atosheke na chupa yake moja, na anayempokea atosheke na kikombe kimoja. Maji hayo hayanywewi kwa wingi wake.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kamati za misikiti na vikundi vya Hija vilitie suala la mizigo katika mafunzo ya mahujaji, pamoja na tawafu na sai, na wakala atakiwe kueleza kwa maandishi kilo zinazoruhusiwa, za tumboni na za mkononi. Pili, kila kikundi kinunue mzani mdogo wa mkononi. Bei yake ni ndogo, na mahujaji wapime mabegi yao hotelini usiku wa kabla ya safari, si mbele ya karani. Tatu, anayejua kwamba atazidisha anunue kilo za ziada mapema, maana mara nyingi bei yake huwa chini kuliko ya kaunta, au apeleke mzigo wake kwa meli ikiwa si wa haraka. Nne, na hili ni letu sote, tuwaage mahujaji wetu kwa maneno haya: "Usituletee kitu, tuombee dua." Dua haina uzito kwenye mzani wa uwanja wa ndege, na inao uzito pale inapohitajika.

Ndugu zetu, mtu hurudi kutoka Hija akitarajia kuwa amerudi kama siku aliyozaliwa na mama yake. Itakuwa hasara iliyoje, baada ya safari ile yote, gharama ile yote na machozi yale yote, dhambi ya kwanza katika daftari jipya iwe ni kilo nane za tende!

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza mikataba yao na kupima kwa haki, awalinde wasafiri wetu wa angani, wa majini na wa barabarani, na atufanyie wepesi mizigo yetu siku ambayo hapatakuwa na wa kumbebea mwenziwe. Amin.